Mkono Uliobaki Kwenye Mtiki

Mimi ni mpiga msasa. Watu wakiona meza nzuri humsifu aliyeikata na kuiunga, na ni haki yao, lakini anayemfanya mgeni aipapase kabla hajaketi ni mimi, na sijawahi kusikia mtu akiuliza nani alisugua. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba sina desturi ya kumeza maneno. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akiniita Dada Msasa, na hakuwa na maana ya kazi peke yake.

Yeye, mtaa mzima ulimwita Tisa na Nusu. Alipokuwa bado anajifunza ufundi, msumeno wa mashine ulikula nusu ya kidole chake cha mwisho, mkono wa kushoto. Alirudi nyumbani na bandeji kubwa kama kitunguu, na jirani alipomuuliza amebakiwa na vidole vingapi, akajibu, "Tisa na nusu, na hiyo nusu ndiyo yenye akili, maana imeshajua msumeno ni nini." Jina likamganda, hata wateja wakawa wanaulizia karakana ya Tisa na Nusu.

Mama peke yake hakulicheka jina hilo. Alichofanya ni kuchukua glavu za ngozi za mwanawe, zile za kubebea mbao, akakata kidole cha mwisho cha ile ya kushoto na kukishona kifupi kwa uzi mweusi, ili ncha tupu isibanwe kati ya mbao mbili. Kila glavu zilipochakaa zikanunuliwa nyingine, zilipita kwanza mikononi mwa mama. Kwenye mashine mdogo wangu hakuzivaa kabisa. Glavu ikinaswa na meno ya msumeno huvuta mkono wote, na yeye ada ya somo hilo alikuwa ameshailipa.

Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani na begi moja na hasira za kujaza lori. Wengine walinipa pole. Yeye alinipa kipande cha msasa. "Umewakwaruza watu bure miaka yote," akasema. "Njoo ukwaruze mbao, angalau utakula." Nilimtukana vizuri, kisha nikaanza kazi, na sikuondoka tena.

Alinifundisha mbao kwa namna yake mwenyewe. Alizisema kama mtu anavyosema majirani wake. Mpingo ana kiburi, ukimtupa majini anazama makusudi. Mninga ana damu, ukimkata mbichi anatoa utomvu mwekundu ili uone haya. Mvule ana jiwe tumboni; unakwenda na randa vizuri, ghafla kwaa, kisu chake kimepata pengo. Ila aliyempenda hasa ni mtiki. "Huyu ana mafuta yake mwenyewe," alikuwa akisema huku ananipa kipande nikinuse, nacho kilinuka ngozi ya viatu vya zamani. "Mchwa hamtaki, maji hayamwingii. Lakini usidhani ni mpole. Anafubaza visu kuliko wote, utadhani ana mchanga ndani. Na gundi haimshiki mpaka umfute mafuta kwa thina ya rangi, umgundishe hapo hapo. Ukienda kunywa chai, mafuta yameshapanda tena, na meza yako itaachana kabla ya mwaka kwisha. Kama ndoa yako."

"Mbwa wewe," nilimjibu.

"Na ule weupe wa pembeni usinitumilie. Huo ni nyama ya wadudu. Mimi nataka kiini."

Somo alilolirudia zaidi lilikuwa la rangi. Mtiki ukiupiga randa leo unatoka na mabaka, kijani huku, michirizi myeusi kule, na mteja akiingia saa hiyo anadhani ameibiwa. Lakini ukiulaza kwenye mwanga, mabaka yanatulia, na ubao mzima unaiva kuwa rangi ya asali. "Mtiki usimhukumu siku ya kwanza," alikuwa akisema. "Mpe mwanga." Hapakuwa na kazi ya mtiki iliyotoka kwenye karakana yetu bila kulazwa kwanza uani, chini ya bati la plastiki linalopitisha mwanga na kuzuia mvua. Mafundi wengine walimcheka kwa kupoteza muda. Yeye alisema wanaopaka vanishi kabla mbao haijaiva ni sawa na wanaopaka poda kabla ya kuoga.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa meza ya mkunga mmoja mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha jengo zima, aliyetaka meza ya kukalisha watoto na wajukuu wote kwa mara moja. Uso wa meza ulihitaji mbao tatu za mtiki mkongwe, na ubao wa katikati ulikuwa mpana kuliko nilivyowahi kuona. Siku alipomaliza kuzipiga randa, mkunga akatokea kukagua. Akasimama, akashika kiuno.

"Fundi, hii ndiyo mbao uliyonisifia hivyo? Mbona ina rangi ya chura?"

"Mama, wewe ulipokuwa unapokea watoto, walikuwa wanatoka wazuri?"

Mkunga akacheka mpaka akashika mlango. "Walikuwa wanatoka vibaya sana, mwanangu."

"Basi huyu kazaliwa leo. Mpe mwanga."

Akaondoka bado anacheka. Mdogo wangu akavaa glavu, akazibeba mbao moja moja mpaka uani, akazilaza chini ya bati la plastiki. Mimi nilikuwa mlangoni nasugua miguu ya viti. Nilimwona amesimama juu ya ule ubao wa katikati, anajisugua kifua.

"Nini tena?" nikamuuliza.

"Kifua kinabana. Vumbi hili." Akavua glavu. Ya kulia ikaanguka kwenye maranda. Ya kushoto akaiweka juu ya ubao, kifudifudi, akaipiga kidogo kwa kiganja kama anavyomgonga mtu begani. "Nafika zahanati mara moja. Usiniguse mbao zangu."

"Nani ana haja na mbao zako za chura?"

Alicheka. Hayo ndiyo tuliyoambiana mwisho, na siyajutii, ndivyo tulivyopendana. Alifika zahanati kwa miguu yake, akaketi kwenye benchi, na hakuinuka. Moyo, walisema. Mtu aliyekuwa akibeba ubao wa mtiki peke yake, moyo.

Wakati huo mama alikuwa mbali, amekwenda kumuuguza mama mkubwa. Tulimpigia simu, akaanza safari siku hiyo hiyo, lakini mvua ilikuwa imekata barabara na daraja limefunikwa na maji. Alikwama upande wa pili, anapiga simu kila baada ya muda kusema, "Msimzike, nakuja." Baba mdogo ndiye aliyeamua. Alisema maiti haingoji daraja, na kwa kweli hakuna aliyejua lile daraja litapitika lini. Mimi nilipiga kelele mpaka nikakauka koo, wakanishika mikono, wakamzika. Mama alipofika, begi lake limelowa na viatu vimejaa tope, alikuta viti vya kuazima vinarudishwa kwa wenyewe.

Hakulia palepale. Alituangalia mmoja mmoja, kisha akauliza, "Nani alimfunika uso?"

Baba mdogo akaanza kueleza habari za daraja. Mama akasema tena, polepole, "Nauliza nani alimfunika mwanangu uso mimi sijafika." Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu siku ile hakuliulizia kaburi wala hakwenda. Alipika, alifagia, aliitikia salamu, lakini ukimtazama unaona mtu ambaye bado amesimama upande wa pili wa maji. Uchungu wa mwana aujua mzazi, wanasema, na mimi sina mtoto, lakini nilikuwa nakaa naye nyumba moja, na nilikuwa nauona.

Nilikawia kurudi karakana. Niliporudi, buibui walikuwa wameshajipangia, na kikombe chake cha chai kilikuwa na ukungu. Nikavuka hadi uani. Mbao tatu zilikuwa zimeiva, rangi ya asali tupu, hata baka moja halionekani, na juu ya ule wa katikati ilikaa glavu. Nikaiinua.

Chini yake palikuwa na mkono.

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Halafu akili ikanirudia, nikaelewa ninachokiona. Mwanga ulikuwa umeivisha ubao wote isipokuwa pale glavu ilipozuia. Pale palibaki rangi ileile ya siku ile, kijani iliyopauka, rangi ya chura. Kiganja kizima, dole gumba limekaa pembeni, vidole vitatu virefu, na cha mwisho kifupi, kimeishia pale hasa mama alipokishona. Mtiki ulikuwa umemtunza mdogo wangu. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, na hapo ndipo nililia vile ambavyo sikulia makaburini, kwa sababu makaburini nilikuwa na hasira, na hapa sikuwa na wa kumkasirikia.

Nilipomaliza kulia, nikaogopa. Nilikuwa nimelia nikiwa nimesimama kwenye mwanga, na ule mkono ulikuwa wazi muda wote huo. Kilichouchora ndicho kitakachoufuta. Nikairudisha glavu juu yake haraka, nikijaribu kuiweka sawasawa, kidole juu ya kidole.

Sasa, mimi ni mtu wa vanishi. Kama kuna dawa ya kuzuia, nilijiambia, imo kwenye kabati langu. Nikaokota glavu ya kulia, nikapiga randa kipande cha mabaki ya mtiki uleule, nikailaza juu yake uani, nikangoja mpaka mkono wa kulia ukatokea. Kisha kila kidole nikakipaka chake: kimoja vanishi ya maji, kimoja vanishi ya mafuta, kimoja nta, kimoja mafuta ya kitani, dole gumba nikaliacha hivihivi. Nikakiacha kipande mwangani. Kila siku nilikwenda kukiangalia, na kila siku vidole vyote vilikuwa vinaiva kwa pamoja, vile vya vanishi na kile cha nta, hata dole gumba. Mwisho ukawa ubao tu. Nikaufuta kwa thina, kwa sababu huo ndio ujanja wetu wapiga msasa: alama usiyoiona kwa macho, ukilowesha ubao kwa thina inajitokeza mpaka thina ikauke. Mkono wa kulia ukatokea kidogo, hafifu, ukapotea na unyevu. Siku iliyofuata nikafuta tena, hapakuwa na kitu.

Basi nikajua. Hakuna dawa. Gizani mkono ule ungekaa miaka, na kila utakapotolewa ili utazamwe, ungepungua kidogo. Kuutazama ndiko kuumaliza.

Mkunga aliposikia karakana imefunguliwa alikuja. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi. Ubao ule ulikuwa wake, meza ilikuwa yake, na mimi nilikuwa nimekusudia kutomwachia hata akiita askari. Nilimpeleka uani, nikainua glavu mara moja, nikaishusha.

Yule mama wa sauti kubwa alinong'ona. "Ndiye?"

"Ndiye."

"Meza itatosha na mbao mbili," akasema. "Tutabanana. Watu wa nyumba moja wasipobanana ni wageni."

Nilikuwa na maneno yangu yote mdomoni na nikakosa pa kuyaweka. Nilimkumbatia, akanipigapiga mgongoni kama mtoto mchanga aliyekataa kulia. Mbao mbili zile aliziunga fundi jirani, na alipotaka kuzigundisha bila kuzifuta mafuta nilimfokea kwa maneno ya mdogo wangu neno kwa neno, pamoja na lile la ndoa, mpaka akaniuliza kama nina wazimu. Meza ikatoka nzuri. Ubao wa katikati niliufunga kwa kitambaa kizito cheusi, mikunjo mitatu, nikaubeba nyumbani mama akiwa sokoni, nikausukuma uvunguni mwa kitanda changu.

Sikumwambia mama. Nilisema moyoni kwamba namkinga, kwamba akiuona ataumia upya. Huo ni ukweli, ila haukuwa ukweli wote. Nilijua akiuona hataacha kuutazama, na mimi nilitaka ubaki. Nilitaka nikiwa kikongwe niweze kuinua pembe ya kitambaa, nimwone ndugu yangu, nifunike tena.

Lakini mkunga hajui kumficha mama habari za mtoto wake. Alikuja nyumbani kutoa pole, wakakaa, na chai haikupoa kabla hajasema, "Mimi, mama, ule mkono wa mwanao sitausahau."

"Mkono gani?" mama akauliza.

Nilikuwa jikoni. Nilisikia mkunga akieleza, kisha viti vikisogea. Mama hakuja kuniuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwangu. Mama yangu ana magoti mabovu, hata kuokota sindano huwa anamwita mtu. Nilipofika mlangoni nilimkuta ameshapiga magoti sakafuni, mkono umezama uvunguni mpaka bega. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga walisema, na sijapata kuona mtu akiinama vile.

"Mama, ngoja."

"Nisaidie kuuvuta au toka."

Niliuvuta. Akakifungua kitambaa mwenyewe. Nilikimbilia dirishani, nikafunga pazia, akasema, "Fungua," nikasema, "Mama, mwanga unaufuta," akasema, "Nimesema fungua." Nikafungua nusu.

Alikiona kidole kifupi kwanza. Akakigusa pale kilipoishia, akaenda nacho kwa ncha ya kidole chake, kushoto kwenda kulia, njia ileile iliyopita sindano. "Hapa nilirudia mara mbili," akasema. "Uzi ulikatika." Kisha akaegemea ukingo wa kitanda, akatoa sauti ambayo tangu arudi kutoka kwenye lile daraja hatukuwa tumeisikia. Mkunga alikuja akasimama nyuma yangu, akanishika mkono.

Mama alipotulia nilimweleza. Nilimweleza kama mteja, tangu mwanzo: mwanga unavyoivisha mtiki, glavu ilivyozuia, nilivyojaribu dawa zote, na jinsi zote zilivyoshindwa. Nilimwonyesha kile kipande ambacho zamani kilikuwa na mkono wa kulia. Nikamwambia tukiufunga vizuri na kuutoa mara moja moja tu, siku ya kumbukumbu kwa mfano, utatufikisha mpaka uzeeni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Uweke sebuleni, karibu na dirisha, niwe naketi nao."

"Mama, hujanisikia? Utaisha!"

"Nimekusikia."

"Sasa unataka afe mara ya pili?"

Nilisema hivyo kwa mama yangu. Hakunigombeza. Alinitazama kwa yale macho ya upande wa pili wa maji.

"Walimfunika kabla sijafika," akasema. "Na wewe ulipiga kelele kwa ajili yangu, niliambiwa, Mungu akulipe. Leo wewe mwenyewe unataka kumfunika tena?"

Niliubeba ubao, nikauegemeza sebuleni pale alipotaka.

Siku zilizofuata sitaki kuzieleza zote. Mama alikuwa akiamka, anafungua pazia, anaketi kwenye kiti cha chini, anachambua mchele au anashona, na anazungumza. Hakuzungumza na mizimu, msinielewe vibaya. Alikuwa anamsimulia safari. Alimweleza basi lilivyokwama, yule dereva aliyelala usingizi wakati watu wanalia, mwanamke mmoja asiyemjua aliyemfunika kanga yake, yale maji yalivyokuwa mekundu. Alimsimulia kidogo kidogo, kila siku kipande, kama mtu aliyechelewa anavyojieleza. Mimi nilikuwa nikipita nafunga pazia, na nikirudi nalikuta liko wazi. Siku moja nililifunga kwa pini. Alizichomoa pini zote, akazichomeka kwenye mto wake wa sindano, akaendelea na habari zake. Nilikasirika nikaondoka kwenda karakana bila kuaga, nikasugua mguu wa kiti mpaka ukawa mwembamba kuliko wenzake, na ikabidi niisugue na hiyo mingine mitatu.

Na mkono uliiva. Macho yangu ni ya kazi hiyo, kwa hiyo niliona kila hatua. Kijani kiliondoka kwanza, pakawa rangi ya majani makavu. Kisha ncha za vidole zikaanza kuyeyuka ukingoni. Mpaka kati ya kiganja na ubao ukawa wa kutafuta. Nilimchukia mama, nitasema wazi, kuna asubuhi nilimchukia. Halafu nikimtazama, namwona anakula. Namwona anauliza bei ya nyanya na kulalamika. Alikuwa anarudi kwetu kwa kiasi kilekile ambacho ndugu yangu alikuwa anaondoka, na mimi nilikuwa katikati ya wote wawili sijui nimzuie nani.

Asubuhi moja aliniita kabla sijatoka. Alikuwa amesimama, si ameketi, amevaa ile nguo aliyosafiri nayo siku ya mvua, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Njoo unitazamie. Mimi simwoni tena. Wewe unamwona?"

Nilitazama. Niliinamisha kichwa nione kwa pembeni, kama tunavyofanya kutafuta mikwaruzo. Ulikuwa ubao mzuri wa mtiki, rangi ya asali kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hapana, mama."

"Kabisa?"

Ningeweza kusema kabisa. Badala yake nilikwenda kwenye mfuko wangu wa kazi, nikatoa chupa ya thina na kitambaa safi. "Simama karibu," nikamwambia. "Haitadumu. Thina hukauka upesi."

Tuliulaza ubao juu ya viti viwili. Nikalowesha kitambaa, nikapitisha mara moja, pole, kufuata nyuzi za mbao. Ubao ukakolea, na ndani ya kukolea kule ukatokea, hafifu kama pumzi kwenye kioo, mkono wa kushoto wenye kidole kifupi.

Mama aliweka kiganja chake juu yake, kikaenea, maana mikono yao ilikuwa sawa.

"Nimefika, baba," akasema. "Njia ilikuwa mbaya."

Ukingo ulianza kukauka, ukaja kwa ndani, ukachukua vidole virefu, ukachukua dole gumba. Kidole kifupi kilikuwa cha mwisho. Nilikuwa na chupa mkononi, na kitambaa bado kibichi, na ningeweza kupitisha tena. Mama aliona ninachokifikiria, akanishika kifundo cha mkono.

"Inatosha. Leta kile kitambaa cheusi."

Nikakileta. Tukakikunjua, nikashika pindo la upande wangu, yeye akashika la upande wake. Alianza yeye, kutoka chini kwenda juu, anakilainisha kwa kiganja kila kilipojikunja, mpaka tukafika mwisho wa ubao.

"Sasa," akasema, "nipeleke kaburini kwake."

Akapiga pindo la mwisho, akamfunika yeye mwenyewe.